Wiki tatu na dalali nikitafuta nyumba Dar: maksi zangu hizi hapa

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka aendelee na mambo yake. Kwenye kutafuta nyumba nampa nyota nne kati ya tano, kwenye mtaa nyumba ilipo nampa moja, na hiyo moja ni kwa sababu jamaa hachelewi. Jina simtaji, bado ananipigia.

Sisi tumepanga Tabata miaka tisa, watoto wawili, mke wangu kazi yake iko Posta na mimi niko Mwenge, bajeti milioni 70 kwa nyumba ya kuhamia hata kama haina fensi. Hela ya kuzungushwa elfu 20 kwa siku, bajaji juu yetu. Na kusema ukweli kwenye nyumba zenyewe jamaa yuko vizuri, funguo anazo, ipi ina hati na ipi ina mkataba wa serikali ya mtaa tu anakwambia kabla hujauliza, kuna moja alinizuia mwenyewe "hiyo ya mirathi boss, ndugu hawajaelewana, iache". Wangapi wangekaa kimya wale cha juu?

Shida ni kwamba kila nyumba anakuonyesha Jumapili saa tisa mchana. Jumapili saa tisa Dar nzima ni nzuri jamani. Goba tulifika tukaona kama tumepanda Lushoto, upepo, vilima, lami ipo, mke wangu akaanza kupanga mapazia palepale. Jumanne nikarudi peke yangu saa 12 na nusu asubuhi nikapanda daladala kama mtu anayeenda kazini, yani hadi nafika Mwenge shati limeshanuka na bosi ameshapiga simu mara mbili. Halafu ile nyumba iko chini ya kilima, bodaboda akaniambia mvua ikinyesha yeye huko hashuki, ananiacha juu nimalizie kwa mguu.

Nyingine ilikuwa barabara ya Morogoro, mbele ya Kimara. Akaisifia "iko road kabisa boss". Hiyo road kabisa ndo ilinikimbiza, maana mwaka 2017 watu walivunjiwa kuanzia Kimara kwenda Kibaha kwa ajili ya hifadhi ya barabara, mita 121 kutoka katikati, wengine na makaratasi yao mkononi. Sikushuka hata kwenye bajaji.

Sasa ya upande wa Boko. Hii nusura tulipe. Vyumba vitatu, masta, taizi, gipsamu, rangi bado inanuka, milioni 65 na inapungua. Nikataka kuchaji simu sebuleni, natafuta soketi chini ukutani sioni, kumbe iko juu usawa wa kifua changu. Nikaenda chumbani, hivyohivyo. Jikoni hivyohivyo. Nikamuuliza dalali fundi gani huyu, akasema ni fasheni, watoto wasichezee umeme. Sawa. Nikatoka nje kama naenda kununua vocha, nikaangalia ukuta wa jirani ambaye yeye hajapaka rangi: mstari wa tope umenyooka kama umepigwa na rula, juu kidogo ya goti, unatoka kona hadi kona. Mama wa genge akaniona ninavyokodoa akacheka, "Baba, hapo masika vitanda tunapandisha juu ya matofali". Akanionyesha na mtoni, nyuma ya nyumba tu, nikahesabu hatua hazikufika 50. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni, kwa hiyo hata kama mtu atavumilia maji, siku yoyote anaamka anakuta X nyekundu ya kubomolewa ukutani. Kumrudia dalali akanijibu hajapepesa macho: "Boss, maji yenyewe siku mbili tu yanaondoka."

Hapo ndo tukabadili utaratibu. Nyumba ya Kibada Kigamboni aliyotupeleka, badala ya kuamua tukachukua chumba gesti ya hukohuko siku mbili katikati ya wiki, watoto tukawaacha kwa bibi yao, tukaenda kazini tukitokea pale. Mke wangu anavuka na pantoni kwa 200, akishuka, hadi Posta anatembea. Mimi nachoka zaidi yake, sitaki kudanganya, na siku pantoni moja ikiwa mbovu foleni inakera hadi unakumbuka daraja, ambalo tangu 2016 lipo ila ni kuzunguka. Usiku wa kwanza tuligundua maji ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu na chai ina ladha ya ajabu, kwa hiyo ya kunywa utanunua. Lakini usiku kimya, na mitaa imenyooka kwa sababu Kibada ni kati ya maeneo yaliyopimwa kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 wa miaka ya 2000, barabara ziliachwa kwenye ramani kabla watu hawajajenga. Gari la maji taka linafika mlangoni. Ukitokea Tabata yetu, ambako kuvuta choo ni hadi uombe kupita kwa majirani wawili, hiyo ni anasa.

Hati tukaihakiki ardhi, iko safi, tukachukua. Haijaisha, madirisha mawili bado nondo tu, na mimi nimeshaanza kulala kwenye daladala nimesimama.

Na nyota nne nilizompa dalali ni za hiyo nyumba, aliileta yeye. Wiki iliyopita kanitumia picha WhatsApp, ile ya Boko, imepakwa rangi upya, safari hii bluu, "boss imeshuka hadi 58, mtafutie hata rafiki". Nikavuta picha nikaangalia ukuta wa sebule. Soketi ziko palepale kifuani.