Nilitaka ndiyo ya kumpandisha Hidaya, nikapewa maswali

Nyota nne kati ya tano kwa huduma ya kukagua kwato za farasi kabla ya kupandisha. Hiyo moja niliyoibakiza mfukoni nitaieleza mbele.

Farasi wangu anaitwa Hidaya, jike wa miaka tisa, mpole kupita kiasi. Ukwato wake wa mbele kulia umesimama wima. Ukimtazama kwa mbele huoni kitu. Sogea ubavuni ndipo utaona: wa kushoto umelala vizuri kama wa farasi yeyote, wa kulia umesimama kama kikombe kilichofunikwa, kisigino kirefu, ncha fupi. Mimi nilikuwa nikiuita ukwato wa mbuzi mpaka fundi akaniambia mbuzi watanishtaki.

Nilimnunua akiwa hivyo hivyo, tayari ana miaka minne, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Mwaka huu nikatamani mtoto. Dume nilikuwa nimeshamchagua, hata jina la mtoto lilikuwepo. Huduma hii ya kukagua kwato kabla ya kupandisha niliiita kwa sababu moja tu: nilitaka daktari aseme ndiyo, ili mambo yakiharibika niwe na wa kumtaja.

Wanakuja wawili kwa gari moja, daktari wa mifugo na fundi wa kwato. Aliyewahi kuwa na daktari wake na fundi wake ambao hawajaonana hata siku moja atanielewa kwa nini nalisifu hilo kwanza. Wa kwangu wa zamani kila mmoja alinisimulia ujinga wa mwenzake, na mimi katikati nikiwalipa wote. Fundi yule siku moja aliamua kuzifananisha kwato mbili za mbele. Akashusha kisigino cha kulia kwa tupa mpaka kikalingana na cha kushoto, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama kazi yake, akaridhika. Hidaya alichechemea wiki tatu.

Hawa wapya hawakugusa mguu kwanza. Walinitaka nimtembeze kwenye sehemu ngumu iliyo tambarare, kwenda na kurudi, wao wamechuchumaa pembeni. Wakaona mguu wa kulia una hatua fupi na unatua kwa ncha. Kisha daktari akasema mwacheni ale majani. Tukasimama kama watu waliokosa kazi, tukimwangalia akila. Kila alipoinamisha kichwa, mguu wa kushoto ulikwenda mbele na wa kulia ukabaki nyuma. Miaka mitano niko naye, sikuwahi kuliona hilo. Daktari akanieleza kwamba mtoto wa farasi mwenye miguu mirefu na shingo fupi hulazimika kutanua miguu ili afikie majani, na akizoea kuubakiza nyuma mguu ule ule kila siku, ukwato wa mguu huo huelekea kukua ukiwa wima.

Vipimo vya pembe ya ukuta wa mbele wa ukwato na ardhi vikafuata. Kushoto nyuzi 52, kulia nyuzi 59. Tatizo hili hupangwa katika madaraja manne, na tofauti ya nyuzi saba pamoja na mistari ya ukwato iliyoachana zaidi kisiginoni kuliko kwenye ncha vilimweka Hidaya daraja la pili. Daraja la tatu ukuta wa mbele huwa umebonyea kama sahani. La nne sitalisimulia, nilionyeshwa picha na zinatosha. Eksirei zilipigwa za kwato zote mbili, mnyama amesimama juu ya vibao vya mbao, na mfupa wa ndani ukaonekana bado uko salama.

Kilichonifungua macho ni maelezo ya kano. Kuna kano nene inayoshuka nyuma ya mguu kutoka kwenye misuli iliyo juu ya goti, inapita nyuma ya kifundo, inaingia ndani ya ukwato na kushika upande wa chini wa mfupa wa mwisho. Misuli na kano hiyo vikiwa vifupi kuliko mifupa inavyotaka, mfupa wa mwisho unavutwa kwa nyuma na kisigino kinainuka. Kisigino kirefu ni matokeo tu. Ukikikata chote kwa siku moja, kano hairefuki hata kidogo. Unaikaza zaidi, na ukuta wa ukwato unaanza kuachana na mfupa kwenye ncha. Kumbe wiki zangu tatu zilitoka huko.

Fundi alipunguza kidogo tu, akamshusha mguu. Hidaya akasimama, na kisigino hakikugusa chini. Fundi akachukua kipande cha kadibodi, akakipitisha chini ya kisigino, kikapita mpaka upande wa pili bila kukwama. "Umeona?" akaniuliza. "Hapa ndipo kano yake inaposema basi." Akaliziba pengo lile kwa kiatu chenye kabari nyuma, na kila baada ya wiki tano anarudi kuangalia kama kano imelegea kiasi cha kupunguza kabari.

Basi nikauliza lililoniwasha. Nimpandishe?

Daktari hakunijibu. Aliniuliza: ukwato huu ameupata wapi? Una picha yake akiwa mdogo? Mama yake alikuwaje? Ndugu zake je? Nilikuwa na picha kumi na mbili za dume na hata moja ya mama yake Hidaya sikuwa nayo.

Alifafanua hivi. Mtoto anaweza kuzaliwa na kano fupi, au akaipata baadaye, hasa kati ya miezi miwili na minane, kwa sababu ya kukua haraka mno, kulishwa nafaka nyingi, madini kama shaba na zinki kutokuwa sawa, au maumivu yoyote yanayomfanya asiukanyage mguu. Jike aliyeumia bega utotoni akaishia na ukwato wima hatarithisha bega lililoumia. Lakini kuna familia za farasi ambazo tatizo hili linajirudia kizazi baada ya kizazi, na hakuna kipimo cha damu wala cha unywele kitakachokuambia wako ni wa kundi lipi. Kilichopo ni kuuliza watu.

Nikampigia mzee aliyeniuzia. Alifurahi kusikia habari za Hidaya, akasema mguu ule ni wa kuzaliwa, akasema tena kwamba mtoto aliyemfuata kwa mama yule yule alikuwa na mguu kama huo, tena mbaya zaidi. Akafanyiwa upasuaji akiwa na miezi mitano, akanyooka, akauzwa akiwa mzuri ajabu.

Nilipomrudishia daktari habari hiyo alinyamaza kidogo, halafu akasema jambo ambalo kwangu ndilo lililostahili malipo yote. Upasuaji ule hukata ligamenti, utepe mfupi mgumu unaoishikilia kano chini ya goti, na ukifanywa kabla mtoto hajatimiza mwaka mara nyingi matokeo yake ni mazuri. Mguu unanyooka. Anachorithisha hakiguswi. Kwa hiyo farasi yule mwenye kwato nzuri huko alikouzwa anaweza kuwa anazalishwa sasa hivi na mtu asiyejua kitu, huku mimi mwenye jike ambaye ubaya wake unaonekana waziwazi ndiye ninayejiuliza mara mbili. Nilikuwa nimezoea kusema mtoto wa nyoka ni nyoka, bila kufikiri kwamba nyoka anaweza kunyooshwa.

Hakuniambia nisimpandishe. Aliniambia nikiamua kuendelea, niende nikaone watoto wa lile dume wakiwa na miezi minne mpaka minane, nikiwa ubavuni mwao, kwenye ardhi ngumu. Picha zangu zote kumi na mbili, dume amesimama kwenye majani marefu. Hakuna ukwato hata mmoja unaoonekana. Aliniambia pia mimba ni miezi kumi na mmoja, na ile ya mwisho uzito wote ule ungeukalia mguu huu. Mtoto akizaliwa na kano fupi, siku chache za mwanzo ndizo za dhahabu: wengine hunyooka wenyewe kwa kutembea, wengine daktari huwapa dawa ya oksitetrasaiklini nyingi kwenye mshipa ili kano ilegee, na hiyo si ya mwenye farasi kumchoma mtoto mwenyewe bandani maana inaweza kuumiza figo. Baada ya hapo kuna miezi ya kumtazama kila wiki. Akaniuliza kama nitakuwepo. Kazi yangu ni ya safari. Nilijifanya namfuta Hidaya vumbi.

Sasa nyota iliyopungua. Hakuna aliyeniambia mapema kwamba watahitaji sehemu ngumu tambarare na kwato zilizosafishwa, tukapoteza karibu saa nzima nikifagia na kukwangua matope, gari lao likiwa limewashwa. Ripoti ya maandishi ilichelewa wiki tatu, ikaja ukurasa mmoja, bila eksirei. Nilizidai mara mbili ndipo zikatumwa. Mtu anayelipia eksirei anataka eksirei, kesho na keshokutwa atazihitaji fundi mwingine.

Anayetafuta karatasi ya kumwonyesha mwenye dume asiwaite, atachoka na maswali.

Sijampandisha. Mwenye dume nilimwambia ukweli, akanijibu kwamba watu wengi hawaulizi. Fundi alirudi wiki ya tano kama alivyoahidi, akatoa kiatu, akapunguza kidogo, akamshusha mguu. Nyuzi 58. Kadibodi safari hii niliipitisha mimi. Iliingia mpaka katikati, ikakwama.