Nilivyosomewa vijiti vya Ogham msimu wa Samhain: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndilo swali la kila mtu: yuro 90 kwa vikao viwili vya ramli ya vijiti, kimoja Samhain, sikukuu ya Kikelti ya mwisho wa Oktoba, kingine Imbolc, ile ya mwanzo wa Februari. Kati ya hapo ndipo giza la Ayalandi linapokaa. Unasomewa baridi inapoingia, kisha mnazungumza tena inapoanza kulegea.

Msomaji ni mama wa makamo, mpagani wa Kikelti (anafuata imani za Ayalandi za kabla ya Ukristo), anayepokea watu nyumbani kwake County Meath, si mbali na Tlachtga, kilima ambacho maandishi ya zamani yanasema ndipo moto wa Samhain ulipowashwa. Hakuna ubani wala mapazia meusi. Kuna meza ya jikoni, chai, na barmbrack, mkate wa zabibu kavu ambao Waayalandi hula wakati wa Halloween. Ndani yake huokwa pete, na atakayeikuta kwenye kipande chake huambiwa mwaka hautaisha kabla hajafunga ndoa. Mimi niliambulia zabibu.

Kisha ukaja mfuko wa vijiti. Ogham ni mwandiko wa kale wa Ayalandi, mistari mifupi inayochanjwa kwenye ukingo wa jiwe, herufi 20 katika mafungu manne. Mawe yaliyobaki ni karibu 400, mengi ya karne ya 4 hadi ya 7, na kilichoandikwa humo kwa kawaida ni majina ya watu, fulani bin fulani. Kwa hiyo nilimuuliza kabla hatujaanza: ramli imeingiaje hapo? Hakukwepa. Alisema katika hadithi ya kale ya Étaín, druidi mmoja, yaani kuhani wa Wakelti wa kale, anachonga ogham kwenye vijiti vinne vya mti wa yew ili ajue mwanamke aliyetoweka yuko wapi. Ila mengi ya wanayofanya wasomaji wa leo, alikiri, yameundwa na watu wa karne ya 20. Nimekulia Tanga, wapiga ramli nimewaona, na sikumbuki hata mmoja aliyemwambia mteja kwamba elimu yake ina viraka.

Swali langu lilihusu kazi. Ninakesha katika nyumba ya kutunzia wazee, na nilitaka kujua kama niache zamu za usiku au nivumilie hadi nimalize masomo. Nikachomoa vijiti vitatu, kila kimoja na herufi yake, na kila herufi huhesabiwa kuwa ya mti fulani: Sail, yaani mwerebi, kwa yaliyopita, Straif, mti wa miiba wenye matunda meusi yanayokausha ulimi, kwa majira ya baridi, Ailm, ambao wengi wanauita msonobari, kwa Februari. (Straif wapo wataalamu wanaosema haikuwa mti kabisa bali salfa. Hilo pia alilitaja mwenyewe.)

Hapa ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Hakusema mwerebi ni huzuni, msonobari ni nguvu. Kila herufi ina mafumbo yake yaliyoandikwa Enzi za Kati. Aliyasoma moja moja, akanyamaza. Mwerebi ni weupe wa asiye na uhai, na pia ni chakula cha nyuki. Straif ni kuzidi kwa siri, na ni kuyatafuta mawingu. Ailm ni mguno mkubwa kuliko yote, na ni mwanzo wa jibu. Kufumbua akaniachia mimi.

Weupe wa asiye na uhai nimeuona. Nimewafuta uso waliofariki alfajiri, nikanawa mikono, nikaenda kupanda basi, na sikuwahi kumsimulia mtu. Akaniuliza, "Nani kwenu anaijua kazi yako ilivyo?" Hakuna. Tanga wanajua tu kwamba niko hospitali.

Baridi imepita na hakuna tukio ninaloweza kulionyesha nikasema lilitabiriwa, kwa kuwa hakutabiri. Kilichotokea ni kwamba nilimpigia dada yangu nikamweleza yote. "Pole, mdogo wangu," akasema. "Sasa ulikuwa unatuficha ili iweje?" Zamu za usiku bado ninazo, ila nimeomba zipunguzwe.

Kikao cha Imbolc kilikuwa chepesi. Kilifanyika kwa simu, haraka haraka, maneno mengi kuhusu Brigid, mungu wa kike wa kale na pia mtakatifu wa Ayalandi, ambaye tangu 2023 ana sikukuu ya taifa, na machache kuhusu vijiti vyangu.

Lakini lawama yangu kubwa ni kalenda. Alitaka kuniuzia "kalenda ya miti ya Wakelti" yenye miezi 13, yuro 25 mbali na ada, kwamba kila mtu ana mti wake kulingana na tarehe ya kuzaliwa. Kalenda hiyo inatokana na mshairi Mwingereza Robert Graves, aliyeitangaza katika kitabu chake cha 1948, madruidi hawakuijua. Mtu aliyesema ukweli wote ule kuhusu vijiti anauzaje hiki kama urithi wa kale? Nilimuuliza. Akajibu wateja wanaipenda.

Dini zetu zina la kusema juu ya mambo haya na kila mtu anajijua, kwa hiyo simsukumi mtu. Kwangu ni nyota nne kati ya tano, ya tano imekwenda na kalenda. Ukiamua kwenda, chukua Samhain peke yake, yuro 60, na ubebe daftari, maana haruhusu kurekodi na mafumbo hayo hayakai kichwani.