Pampu ya kudozi klorini ya maji: nyota nne, na ile moja imeliwa na mpira

Bwawa ni la lita 50,000, Mombasa, jua linalipiga kutwa. Pampu ni ya peristaltiki, ile ya vigurudumu vinavyozunguka na kukamua mpira unaopitisha klorini, mililita 60 kwa dakika. Kwa kuvuta klorini sina neno. Klorini ya maji hutoa vipovu vya gesi, na pampu za kiwambo (zinazosukuma kwa utando) hukwama kwa vipovu hivyo, hii haijali.

Klorini ya 10% ina takriban gramu 100 kwa lita, basi nusu lita hupandisha bwawa hili miligramu 1 kwa lita. Asidi ya siyanuriki, inayoikinga klorini na jua, nimeiweka miligramu 40 kwa lita, na bado jua hula 2 hadi 3 kwa siku. Dakika 20 za pampu ni lita 1.2, yaani 2.4. Nimezigawa mara nne, dakika tano tano, kwa taima ya kidijiti yenye betri, maana ile ya kuzungusha kwa mkono huchelewa kila umeme ukikatika.

Penye hatari ni kwenye nyaya. Pampu hii ipate umeme kutoka kontakta (swichi ya sumaku) ileile ya pampu kubwa inayozungusha maji ya bwawa, halafu ipitie swichi ya mtiririko, inayopitisha umeme pale tu maji yanapotembea. Kontakta peke yake haitoshi: pampu kubwa ikivuta hewa, mota inazunguka na maji hayaendi. Klorini itajikusanya kwenye bomba, kisha maji yakirudi itatoka yote kwa mkupuo, pengine mtu yumo bwawani. Kama unadozi na asidi kwenye bomba hilohilo, hapo utatengeneza gesi ya klorini.

Nozeli yake, yaani mdomo unaoingiza klorini bombani, yenye valvu ya kuzuia maji kurudi, ikae mwisho kabisa, baada ya chujio na hita. Maji ya kisima cha huku yana chokaa nyingi, nayo huganda hapohapo klorini inapoingilia. Nozeli huloweshwa kwenye siki, lakini isuuze kwanza kwa maji mengi, kwa sababu ileile ya gesi: siki nayo ni asidi.

Joto huiua klorini upesi. Naichanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua (ya kisima huacha mashapo), ikae kwenye dumu la lita 20 kivulini, na dakika za taima nazizidisha mara mbili. Ikipunguzwa makali hivyo hudumu zaidi. Dumu dogo lina faida nyingine: taima ikigoma kuzima, dumu zima litaongeza miligramu 20 tu kwa lita. Ni nyingi, siku hiyo haogelei mtu, ila jua litazimaliza. Pipa la lita 200 usilifikirie. Kifuniko kiwe na tundu dogo, na dumu likae mbali na boksi la umeme, mvuke wake hutafuna shaba.

Sasa mpira. Ulipasuka mwezi wa nane wa matumizi, klorini ikaingia kwenye beringi za mota. Ubadilishe kila miezi sita, usingoje matone. Wa akiba ununue siku moja na pampu.