3L ya mtumba kwenye Hilux ya zamani

Kwa Hilux ya miaka ya 1980 iliyochoka injini ya petroli, 3L, injini ya dizeli ya Toyota, ni chaguo zuri kwa Mbeya: lita 2.8, haina tabo (turbo) wala kompyuta, na fundi yeyote wa dizeli anaijua. Nunua na gia boksi yake, usihangaike kuunganisha ya zamani.

Kabla ya kulipa, iwashwe rejeta ikiwa wazi. Mapovu yasiyoisha ni silinda hedi iliyopasuka au gasketi. Iache hapo hapo. Mkanda wa taimingi badilisha injini ikiwa bado chini, maana ukikatika vali zinapinda.

Kinachosahaulika sana ni breki. Dizeli haitengenezi vakyumu (mvuto wa hewa unaosaidia breki) kwenye manifoldi kama petroli, hivyo alteneta ije na pampu yake ya vakyumu. Bila hiyo pedali inakuwa jiwe, na mteremko wa Iwambi hauna msamaha.

Tanki lioshwe, liwekewe na bomba la kurudisha dizeli. Moshi mweusi mlimani? Hewa ni nyepesi; punguza dizeli kidogo kwenye pampu ya dizeli. Mwendo wake wa kupanda ni wa pole, basi.