Baiskeli barabarani jioni: ununue nini kwanza ili dereva akuone?

Dar giza haliji taratibu. Kufika saa moja kasoro jua limeshazama, na huo ndio muda daladala zinakimbizana na abiria. Kama hela yako inatosha kitu kimoja tu, anza na cha juu kwenye orodha hii.

1. Taa nyekundu ya nyuma. Reflekta iliyokuja na baiskeli inasubiri kumulikwa. Gari likija na taa mbovu, haina msaada. Taa inawaka bila kumtegemea mtu. Chukua ya kuchaji kwa USB, maana zile betri za kifungo zikiisha wengi wetu hatununui nyingine. Kabla ya kulipa, bonyeza kimpira kinachoziba tundu la chaji: kikilegea, mvua moja ya masika itaiua. Halafu vuta mkanda wa kufungia, vuta kwelikweli. Yangu ya kwanza ilichomoka kwenye tuta Barabara ya Mandela, nikasikia tu ikipasuka chini ya tairi la lori. Na kama unabeba mzigo, ifunge mwisho wa keria. Ukiifunga chini ya siti, utakuwa unalimulikia gunia la viazi.

2. Mikanda ya reflekta ya miguuni. Bei ndogo, kazi kubwa. Mguu unapanda na kushuka, kwa hiyo dereva anatambua kwa mbali kuwa huyo ni mtu anaendesha baiskeli, si kibao cha barabarani.

3. Taa ya mbele. Hii ni kwa ajili ya bodaboda wanaopita upande usio wao. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani huja na dainamo ya kuwasha taa. Usiing'oe, ila ile ya kusugua tairi huzimika ukisimama.

4. Kizibao cha reflekta. Njano yake ni ya mchana. Usiku zinafanya kazi zile tepe za fedha peke yake, na zikichubuka kwa kufuliwa unabaki umevaa nguo tu. Pale dukani weka tochi ya simu karibu na jicho, ukimulike kutoka hatua kadhaa: tepe nzuri inakurudishia mwanga mweupe mkali.

Helmeti sijaipa namba kwa sababu haimfanyi dereva akuone. Inunue hata hivyo, mpya, yenye alama ya EN 1078 kwa ndani, yaani kiwango cha Ulaya cha helmeti za baiskeli. Ya mtumba huwezi kujua ilishaanguka na kichwa cha nani.