TAHADHARI: Muuza mashine ya "maji safi ya otoklevu" ni tapeli, msimfungulie mlango!

Jamani wenzangu wa vyumba vya kutakasia vifaa vya hospitali kwa otoklevu (mashine inayoua vijidudu kwa mvuke), kuna muuzaji wa koti jeupe aliyenitapeli kazini. Bado anazunguka.

Alikuja na bilauri mbili na kidude cha umeme chenye fito za chuma. Moja akatia maji ya bomba letu, nyingine maji ya "mashine yake". Akachomeka. Weee! Yetu yakageuka kahawia, yakatoa povu, yakawa kama ya mtaro, mbele ya daktari bingwa wa mkojo na muuguzi mkuu. Yake yakabaki maangavu. "Haya ndiyo mnayosuuzia sistoskopu?" akauliza (ndicho kifaa cha kutazamia ndani ya kibofu cha mkojo), macho yote kwangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Ungebisha nini hapo? Vyeti vina mihuri, madini ya majini kama kloridi na silika anayataja bila kigugumizi. Saini ya kununua ikawa yangu, na madumu ya maji yaliyokenekwa tukaacha kununua.

Kumbe ile kahawia ni kutu ya fito zake mwenyewe! Maji yenye chumvi hupitisha umeme, chuma kinamomonyoka. Yasiyo na chumvi hayapitishi, ndiyo maana maji aliyokuja nayo hayakugeuka. Mshenzi kabisa.

Mashine yenyewe ni kichujio cha mkaa tu. Klorini na harufu kinapunguza, chumvi zilizoyeyuka zinapita zote. Sasa otoklevu imeshika chokaa, koki za sistoskopu zimekaza, lenzi zina utando mweupe, na mkasi mmoja umeanza vitundu vya kutu. Kiwango cha Ulaya cha EN 285 kinapendekeza maji ya otoklevu kubwa yasizidi mikrosimensi 5 kwa sentimita (kipimo cha maji kupitisha umeme; chumvi ikizidi, nacho hupanda). Yetu yalipita mia nne!

Nikampigia, akacheka: "Dada, mvuke unaua kila kitu." Unaua bakteria, ndiyo, lakini endotoksini, sumu inayobaki bakteria wakifa, haiharibiwi na mvuke wa nyuzi 134. Ikiingia kwenye damu, mgonjwa anapanda homa. Huyu anacheza na vibofu vya watu!

Dalili? Kipimo cha chumvi hakubali ushike wewe, maji ya maonyesho anakuja nayo kwenye chupa yake, na ukimuuliza utando wa kuchuja chumvi au resini ya kuinasa iko wapi, anahamia kwenye punguzo la bei.

Afungwe. Na kabla ya kufungwa, achunguzwe kibofu kwa sistoskopu iliyosuuzwa kwa maji ya mashine yake.