Kozi ya kanuni za menejimenti ya michezo chuoni Moshi: nyota nne, ya tano imebaki kwenye hela

Wakuu habari za leo, nimemaliza semesta ya somo la kanuni za menejimenti ya michezo kwenye chuo kimoja hapa Moshi, na kwa vile kila nikikaa kijiweni kuna mtu ananiuliza kama linafaa au ni kupoteza muda bora niandike yote kwa mara moja. Mimi ni katibu wa timu ya mtaa huku Pasua, mwaka wa sita huu, nimeandika barua za kila aina, nimekusanya michango, mipira imelala chini ya kitanda changu, kwa hiyo somo nimelipima kwa kitu kimoja tu, limenisaidia kuendesha timu au halijanisaidia? Limenisaidia sana aisee, ila kuna sehemu limeniacha njiani na nitaisema.

Wiki za mwanzo ni nadharia. Unakutana na Fayol, yule injinia wa migodi Mfaransa aliyeandika mwaka 1916 kwamba kazi ya kiongozi ni kutabiri na kupanga, kuunda mfumo, kuamuru, kuratibu na kudhibiti, hapo unakariri kwa ajili ya testi unasonga mbele. Ila historia ya fani yenyewe nimeipenda, kumbe yote ilianza na swali la mwenye timu, Walter O'Malley wa Dodgers, wale wa besiboli ya Marekani, mwaka 1957 alimuuliza profesa James Mason mtu aliyesomea kuendesha uwanja anapatikana wapi, na jibu likawa hayupo, mpaka Chuo Kikuu cha Ohio kikafungua shahada ya uzamili mwaka 1966. Mwaka uliofuata sisi huku tukapata sheria ya Baraza la Michezo la Taifa. Yaani fani yenyewe bado changa, mtu asikutishe.

Utamu unaanzia pale unapoambiwa mechi ni bidhaa ya ajabu. Soda usipoiuza leo utaiuza kesho, ila nafasi ya mtazamaji ikikaa tupu leo imeshakufa, huwezi kuiuza Jumatatu. Na kingine, kwenye biashara ya kawaida jirani yako akifunga duka unashukuru Mungu, kwenye michezo mpinzani wako akifa na wewe unakufa naye, mfano wanaotumia ni wa bondia Joe Louis na Max Schmeling, bila Schmeling mkali Louis angemuuzia nani tiketi? Hapo niliweka kalamu chini. Kuna timu ya jirani tulikuwa na uhasama nayo wa miaka, ilipovunjika tulishangilia mtaa mzima, msimu uliofuata uwanja ukawa mtupu, kina mama wa karanga na ndizi wakahama, na sisi tukawa tunaulizana watu wameenda wapi. Jibu nimelipata darasani miaka mitatu baadaye.

Sasa kilichonifanya nitoe nyota nne ni fildi. Madam anayefundisha alitupeleka kwenye kiwanja kimoja cha kawaida tu, akasema zungukeni dakika arobaini, msiongee, andikeni kila kitu kinachoweza kumuumiza mtu. Nimecheza kiwanja kile tangu nikiwa mtoto nikajua sitaandika kitu. Akaenda kwenye goli la bomba, lile la kuhamishika, akalishika mlingoti mmoja akalisukuma kwa mkono, likainama lote kuja mbele mpaka mtambaa panya ukawa usawa wa kichwa chake, nyuma lilikuwa limeshikiliwa na jiwe moja. Akauliza watoto wananing'inia hapa? Tukanyamaza wote kwa sababu jibu kila mtu alilijua. Tukaenda getini, geti moja tu na linafungukia ndani, akatusimulia Accra tarehe 9 Mei 2001, mechi ya Hearts of Oak na Asante Kotoko, polisi walipopiga mabomu ya machozi watu wakakimbilia mageti wakayakuta yamefungwa, wakafa zaidi ya 120. Halafu akamwambia kijana mmoja asukume lile geti huku sisi wote tumemsogelea mgongoni taratibu. Halikufunguka. Watu ishirini tu, tena tunacheka, na halikufunguka. Na AFCON 2027 inakuja kwetu na Kenya na Uganda, uwanja mpya Arusha ni kwa ajili hiyo, tunahitaji watu wengi sana ambao wameshalisukuma geti kwa mikono yao.

Kitu cha pili ni barua ya udhamini. Asaimenti ilikuwa ulete barua uliyowahi kuandika kweli, nikaleta ya kwangu, "tunaomba msaada wa jezi na mipira, Mungu atakubariki". Ikarudi na wino mwekundu, maneno matatu, "Yeye anapata nini?" Nilikaa nayo wiki nzima. Miaka yote nilikuwa naomba sadaka halafu naita udhamini. Nikaandika upya, jina la duka mbele ya jezi, bango upande wa barabara ambako bodaboda wanapaki, spika inalitaja duka mara nne kila mechi, na msimu ukiisha tunamletea ripoti ya picha na idadi ya watu tuliowahesabu. Nikampelekea mzee mmoja wa hadwea pale Majengo ambaye alishaninyima mara mbili. "Shikamoo mzee." "Marahaba, umekuja tena na mipira yako?" Nikampa, akasoma miwani ikiwa puani, akauliza hilo bango lina urefu gani. Hakuuliza kingine. Alitoa laki tatu na mwezi huu ameniuliza mwenyewe kuhusu msimu ujao.

Pia tulijitolea Kilimanjaro Marathon, mimi meza ya maji, nikajifunza pipa la takataka linawekwa mbele ya meza mbali kidogo, sio pembeni yake, maana mkimbiaji anakunywa huku anaenda. Kitu kidogo ila usipokijua barabara nzima inakuwa chupa.

Haya, nyota iliyobaki. Somo la fedha limewekwa wiki ya kumi na tatu, vipindi viwili tu, mwalimu mwingine kabisa na alikuwa na haraka. Timu zetu zinakufa kwa nini jamani? Sio mbinu, ni hela, mweka hazina anaweka makusanyo mfukoni mwake, sio kwa wizi ila hakuna daftari, ikifika nauli ya kwenda Boma hakuna anayejua kilichobaki. Nilitarajia tukae na leja, tuandike mapato na matumizi ya mechi moja mpaka mwisho, tukaishia kwenye tafsiri ya neno bajeti na swali la "taja na ueleze" kwenye mtihani. Hili limeniuma maana ndilo nililokuwa nalihitaji kuliko yote.

Na mifano ni ya Marekani mno. Ukomo wa mishahara, timu mbovu kuchagua wachezaji chipukizi kwanza, sawa, ila ligi zao hazina kushuka daraja, sisi ukifanya vibaya unashuka, na klabu kama Simba inaongelea hisa asilimia 49 za mwekezaji na asilimia 51 za wanachama. Hilo la kwetu tulilijadili nje chini ya mti. Maktaba vitabu vilikuwa viwili kwa darasa zima, jiandae kutoa kopi stesheneri na ulinde bumu lako.

Kama una timu, jogingi klabu au unasimamia michezo shuleni nenda kasome, ila kabla hujalipia muulize mratibu mambo mawili, fildi iko ndani ya semesta hiyo hiyo, na fedha inafundishwa wiki ya ngapi. Mimi nimeanza kujifunza leja kwa binti mmoja mhasibu wa saccos ya mtaani, Jumamosi asubuhi, na lile geti letu fundi amelihamisha bawaba wiki iliyopita, sasa linafungukia nje.